Mteja Asiyepiga Kelele

Neno ambalo nimelitamka mara nyingi kuliko mengine yote maishani ni kesho. Mimi ni fundi wa viatu. Kibanda changu kiko Kawangware, kwenye kituo cha 56, katikati ya saluni na duka la misumari na mabati, na ukitaka kujua maisha ya fundi wa viatu yalivyo, simama hapo dakika kumi tu asubuhi usikilize.

"Fundi, niaje? Viatu zangu ziko?"

"Kesho, kijana wangu. Kesho asubuhi mapema."

"Si hata jana uliniambia kesho?"

"Jana gundi iliisha."

"Na juzi?"

"Juzi mvua."

"Juzi hakukuwa na mvua, fundi! Wewe ni muongo mpaka unafaa kusimama kura."

Akishasema hivyo anavuta benchi, anakaa, anakunja mikono na kunikodolea macho. Basi nacheka, naingiza mkono ndani ya rafu, navitoa viatu vyake, na baada ya dakika kumi vimeshonwa. Dakika kumi! Vilikaa pale siku nne vikingoja dakika kumi.

Nikueleze jinsi rafu ya fundi inavyofanya kazi, kwa maana bila kulijua hilo hutaelewa nilichomfanyia binti yangu. Viatu havishonwi kwa zamu ya kuletwa. Vinashonwa kwa zamu ya kelele. Anayekuja kugomba, anayekaa kwenye benchi akakataa kuondoka, huyo viatu vyake vinapanda juu. Mama mpole anayesema "sawa fundi, nitapita tena," viatu vyake vinashuka chini kidogo kidogo mpaka vinashika vumbi. Si kwamba simpendi mama mpole. Nampenda kuliko yule kijana. Lakini kijana yuko mbele yangu na sauti yake iko masikioni, na mama mpole amekwenda zake.

Sasa nirudi nyumbani. Tunaishi Lindi, Kibera, katika vyumba viwili vya bibi mmoja wa Kinubi ambaye sisi wapangaji wa ploti nzima tunamwita Habuba, yaani nyanya kwa lugha yao. Kila asubuhi napita Ayany, navuka Ngong Road, naendelea kwa miguu mpaka kibandani. Mke wangu hufua nguo kwenye nyumba za watu, siku nyingine huku, siku nyingine kule. Mtoto wetu wa pili, msichana, alizaliwa mguu wake wa kushoto ukiwa umegeukia ndani, unyayo ukiutazama mguu wa pili kana kwamba unataka kuusemesha.

Mke wangu alilia. Mimi, ambaye miguu ya watu ndiyo riziki yangu, sikujua niuangalie vipi. Hospitalini sista mmoja mnene mwenye sauti ya kuamrisha alituketisha akasema hili si jambo la ajabu, watoto wengi huzaliwa hivi, na linatibika. Akatueleza taratibu. Kila wiki mguu utanyooshwa kidogo kwa mkono na kufungwa plasta. Wiki inayofuata plasta itatolewa, mguu unyooshwe kidogo tena, ufungwe tena. Na kweli, mke wangu alimbeba kila wiki, na kila wiki mguu ulirudi umegeuka kidogo zaidi kuelekea kule unakotakiwa. Nilikuwa nautazama kama mtu anayetazama unga ukiumuka. Mwishoni walimkata kidogo nyuma ya kisigino, wakamfunga plasta ya mwisho, na ilipotoka tuliuona mguu kama mguu wowote. Mke wangu aliubusu kila kidole.

Tulidhani tumemaliza. Sista akatoa viatu.

Vilikuwa viatu viwili vidogo, vyeupe, wazi mbele, vimeunganishwa kwa kipande cha chuma kilichonyooka, hivi kwamba mtoto akivaa miguu yake inabaki imetanuka. Miezi mitatu ya kwanza, mchana na usiku. Baada ya hapo, wakati wa kulala tu. Mpaka afike miaka minne.

"Miaka minne, sista?" nikauliza.

"Miaka minne, baba. Huu mguu bado unakumbuka ulikotoka. Mkiuachilia utarudi."

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Na nilikuwa nimeelewa, hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Watu husema mtu huahirisha jambo kwa sababu hajui umuhimu wake. Si kweli kila mara. Mimi ningeweza kukueleza umuhimu wa vile viatu vizuri kuliko sista mwenyewe. Nilijua, nikaahirisha huku nikijua.

Miezi ile mitatu ya kwanza ilipita salama. Mtoto alizoea kuwa na chuma miguuni kama mwingine anavyozoea nepi. Kazi ilianza alipojifunza kutembea. Mtoto aliyeshinda akikimbia uani na kufukuza kuku wa Habuba hataki kufungwa miguu jioni. Alikuwa analia. Alikuwa anapiga kile chuma ukutani, na ukuta wetu ni mabati, kwa hiyo ploti nzima ilikuwa inajua kwamba kwa fundi wanavaa viatu. Mke wangu, aliyeshinda ameinama kwenye beseni za watu, alikuwa anakaa kitandani ameshika kichwa.

Halafu jioni moja mkanda wa kiatu cha kushoto ukakatika.

Nauliza mtu yeyote mwenye akili: mkanda wa kiatu ukikatika kwenye nyumba ya fundi wa viatu, kuna shida gani? Nilicheka. Nikamwambia mke wangu, "Hiyo ni kazi ya dakika tano. Kesho naenda nayo kibandani." Usiku ule mtoto alilala bila viatu. Hakulia. Sisi pia tulilala, usingizi mtamu ambao hatukuwa tumeupata kwa wiki nyingi, na asubuhi hakuna aliyeutaja.

Nikavibeba mpaka Kawangware na kuviweka kwenye rafu.

Nadhani umeshaona kilichotokea. Kijana alikuja akagomba. Mwalimu akaja na kiatu kilichopasuka akiwa anachelewa shule. Mama wa saluni akaleta sandali akasimama mlangoni akisema hataondoka. Na vile viatu viwili vyeupe vikaanza kushuka kwenye rafu, pole pole, kwa sababu mwenyewe alikuwa Lindi akifukuza kuku.

"Baba, umeshona?" mke wangu akauliza baada ya siku tatu.

"Kesho."

"Usisahau."

"Nitasahau vipi viatu vya mtoto wangu?"

Wiki ya pili aliuliza tena, kwa sauti ya chini zaidi. Wiki ya tatu hakuuliza. Sikumlaumu wakati ule wala simlaumu sasa. Alikuwa amechoka, na kimya cha jioni kilikuwa kinatupa sisi wote wawili kitu tunachoweza kukishika mkononi: chakula kinacholiwa kwa utulivu, mtoto anayesinzia akicheka. Upande wa pili kulikuwa na nini? Mguu mzuri miaka mitatu ijayo. Lakini mguu ulikuwa mzuri tayari! Tuliuona kila siku, umenyooka, unakimbia. Kilio kilikuwa na sauti, na kuchechemea kwa miaka ijayo hakukuwa na sauti yoyote. Kwa rafu yangu mimi, kesi hiyo ilikuwa imeshaamuliwa.

Kuna jambo jingine ambalo nimelifikiria sana. Kila siku niliyoahirisha, nilikuwa naahirisha siku moja tu. Na siku moja kweli haina madhara. Ungeniuliza siku yoyote, "Je, mguu utapinda leo?" ningekujibu hapana, na ningekuwa nasema kweli. Hakuna usiku hata mmoja unaoweza kuukamata ukasema wewe ndiwe uliyepindisha mguu wa mtoto. Kila mmoja una mikono safi. Na yule mtu wa kesho niliyemwachia kazi, nilikuwa namwona kama fundi tofauti kabisa na mimi: hana foleni, hajachoka, amekunywa chai, ameketi anangoja mkanda wa kushona. Sijawahi kukutana naye. Kila kesho ilipofika niliyemkuta kibandani ni mimi tena, na foleni ileile.

Jumapili mimi ndiye hupiga viatu vya nyumba nzima rangi kabla ya kanisa. Ni kazi ninayoipenda. Naketi nje ya mlango kwenye kigoda, viatu vimepangwa mbele yangu kutoka kikubwa mpaka kidogo, na wapangaji wakipita wananitania kwamba Jumapili ndiyo siku pekee ninayomaliza kazi. Wiki ile ya tano nilichukua vile vya binti yangu vya kutembelea, vyekundu, nikavigeuza kufuta matope.

Soli ya kulia ilikuwa imelika sawasawa. Soli ya kushoto ilikuwa imelika ukingoni, upande wa nje, kuanzia kisigino mpaka kwenye kidole kidogo.

Miaka yote hii nimesoma soli za watu nisiowajua. Huyu anaegemea, huyu goti linamsumbua, huyu anaburuta mguu. Nawaambia wanashangaa, wanauliza kama mimi ni mganga. Sikuhitaji daktari kunieleza ile soli. Nilimwita mtoto atembee kutoka mlangoni mpaka kwenye mtungi wa maji. Akatembea akicheka, akidhani ni mchezo. Mguu wa kushoto ulikuwa unakanyaga kwa ukingo wake.

Mke wangu alitoka akanikuta nimeshika kiatu. Nikamwonyesha. Alimwinua mtoto akamkumbatia, akaingia ndani, na siku hiyo hatukwenda kanisani.

Nilitembea mpaka Kawangware, Jumapili, kibanda kimefungwa, nikafungua, nikatoa vile viatu vyeupe kutoka chini kabisa ya rafu. Nilivishona kwa dakika nne. Lakini nilipovileta nyumbani, mguu haukukubali tena kukaa ndani yake. Kisigino kilikuwa kinapanda, hakifiki chini.

Kliniki tulikwenda wote wawili. Sista alikuwa yuleyule. Aliugeuza mguu huku na huku, akavitazama viatu.

"Mkanda ulikatika lini?"

"Kitambo kidogo, sista."

"Kitambo kidogo ni lini, baba?"

"Wiki tano."

"Na kwa nini hamkutengeneza?"

Mke wangu akatazama dirishani.

"Mzazi, nauliza tu. Wengine wanatoka mbali, wanakosa fundi. Wewe unafanya kazi gani?"

Siku hiyo ningependa sana kuwa muuza sukuma wiki.

"Mimi ni fundi wa viatu," nikasema.

Sista aliweka kalamu chini. Alinitazama, akamtazama mke wangu kuthibitisha, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akatafuta leso. Mke wangu naye, ambaye hakuwa amecheka tangu Jumapili, akaangua kicheko, na mimi nikajikuta nacheka na machozi yananitoka, na sikuwa na hakika ni machozi ya nini. Mtoto alitutazama mmoja mmoja kama watu waliorukwa na akili.

"Haya," sista akasema alipotulia. "Mmekuja mapema. Wako wanaokuja mtoto anaenda shule. Tutamfunga plasta tena wiki chache, halafu mnarudi kwenye viatu. Lakini mkiachilia tena, baba fundi, safari ya tatu huenda ikawa ya kupasuliwa. Sitaki kukuona hapa kwa hiyo safari."

Hicho ndicho kilichokuwa mbele yetu. Plasta ilitupeleka wiki nne. Baada yake kulikuwa na miaka miwili na zaidi ya jioni, kila jioni, na mimi nilikuwa mtu yuleyule mwenye rafu ileile. Hilo ndilo lililoniogopesha. Watu huniambia waliamua kubadilika wakabadilika. Nawapongeza. Mimi nilikuwa nimeamua mara nyingi sana.

Aliyetusaidia ni Habuba, na hakutusaidia kwa upole. Habuba ni mwanamke wa kutafuta habari. Akisikia sufuria ikianguka atataka kujua ilikuwa na nini ndani. Alipoona plasta imerudi alikuja akasimama mlangoni kwetu, kanga begani, mkono umeshika shavu kwa sababu ya jino lililokuwa linamsumbua, akadai maelezo. Nikamweleza yote, hata habari ya rafu.

"Wee fundi," akasema, "kwa hiyo mtu akikupigia kelele ndiyo unafanya kazi?"

"Ndivyo nilivyo, Habuba."

"Na huyu mtoto hajui kukupigia."

"Hajui."

"Mimi je, sijui kupiga kelele?"

Mke wangu akasema kutoka ndani, "Habuba, Kibera nzima inajua unajua."

Basi tukakubaliana, na nieleze jinsi ilivyokuwa, kwa kuwa huenda ikakufaa wewe kwa jambo lako. Kila siku jua likikaribia kuzama Habuba hutoka chumbani kutawadha kwa ajili ya swala ya Magharibi. Wakati huo, kabla ya adhana, mtoto awe amevaa. Yeye atapita mlangoni atazame. Asipoviona viatu miguuni hataondoka. Wala hakuna mazungumzo ya leo amechoka, leo ana mafua. Sisi ni Wakristo wa kutoka magharibi ya nchi, lakini kwa miaka ile saa ya nyumba yetu ilikuwa adhana. Mke wangu alirudi kutoka kufua akijua saa ya viatu ni ipi. Mimi nilifunga kibanda mapema niwahi. Na kwa sababu ilikuwa bado mapema, mtoto alivaa viatu akiwa macho, akala navyo, akacheza navyo sakafuni, na kilio kikawa kimeisha kabla ya usingizi kufika. Tulikuwa tumekosea hata hapo: tulikuwa tunamfunga akiwa ameshachoka, sisi pia tumechoka, halafu tunashangaa kwa nini ni vita.

"Fundi! Kazi ya mteja wangu iko wapi?" Habuba alikuwa anaita kutoka kwenye bomba.

"Iko tayari, Habuba!"

"Leta nione. Wewe maneno yako siyaamini."

Nami nikainua mtoto mlangoni, miguu imetanuka na chuma chake, anapunga mkono. Baada ya miezi michache mtoto mwenyewe ndiye aliyekuwa anapiga kelele. Akisikia maji yakimwagika kwenye birika la Habuba, analeta viatu: "Baba, vaa! Habuba anakuja!"

Nilimlipa kwa njia yake. Lile jino alikuwa amesema ataling'oa baada ya Ramadhani. Ramadhani ikaisha, akasema baada ya Idi, kisha baada ya harusi ya mjukuu wake. Asubuhi moja nikaweka kigoda mbele ya mlango wake, nikaketi, nikakunja mikono.

"Wee, unataka nini?"

"Nimekuja kuhusu jino."

"Kesho."

"Naijua hiyo kesho, Habuba. Naiuza kila siku."

Alinitukana kwa Kinubi, kwa bahati nzuri sikielewi chote. Lakini alichukua buibui, na nilimsindikiza mpaka kwa daktari, akanishika mkono njia nzima.

Si kwamba hatukukosa siku. Kulikuwa na matanga kwetu magharibi, tukasafiri haraka, viatu vikabaki Lindi. Siku nne. Tuliporudi nilisikia ndani yangu sauti ninayoijua: mmeshaharibu, anzeni wiki ijayo, mwanzo mzuri. Ukisikia sauti hiyo, ndugu yangu, usiogope kwamba wewe ni dhaifu. Kila mtu anaisikia. Tulimvisha jioni ileile, mizigo bado haijafunguliwa, na vumbi la safari miguuni.

Alipofika miaka minne na kidogo, sista aliugeuza mguu, akamwagiza akimbie kwenye ukumbi na kurudi, kisha akaandika kwenye kadi kwamba viatu basi. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mambo kama haya hayana sherehe, kwa sababu unachopata ni jambo ambalo halikutokea. Mtu akimwona binti yangu njiani anaona mtoto tu. Nilijaribu kujisikia mshindi nikashindwa, nikarudi kibandani nikashona.

Mwaka uliofuata shule yao ilifanya michezo kwenye uwanja ulio upande wa Ayany. Niliacha kazi nikaenda. Wasichana wa darasa lake walipangwa kwenye mstari wa chokaa, filimbi ikalia, wakatoka kwa kishindo. Binti yangu alikimbia kwa hasira, mdomo umefumbwa, mikono inapiga hewa, miguu miwili ikikanyaga ardhi kwa namna moja, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Alimaliza wa pili kutoka nyuma.

Alinijia amenuna, nikiwa bado napiga makofi.

"Baba, mbona unapiga makofi? Nimeshindwa!"

"Nimeona."

"Sasa unafurahia nini?"

Nimezoea kueleza mambo. Naweza kumweleza mteja kwa nini soli yake imelika na kwa nini gundi haikushika. Lakini pale niliinama tu nikampangusa vumbi magotini. Yeye hakumbuki plasta wala chuma, na sikuona sababu ya kumbebesha.

"Yule alinisukuma," akasema. "Na huyu wa pili alianza kabla ya filimbi."

"Kweli kabisa."

"Twende tena. Mimi na wewe. Mpaka kwa ile geti."

Nikaangalia geti. Lilikuwa mbali, na watu walikuwa wengi, na mimi nilikuwa nimevaa aproni ya kazi yenye madoa ya gundi.

"Sasa hivi?" nikauliza.

"Sasa hivi!"

Akaondoka bila kuhesabu. Nilimfuata kwa nguvu zangu zote, aproni ikipeperuka, watoto wa shule nzima wakinizomea, na sikumfikia.